Redio Iliyokula Betri Sita

Kwanza nilisikia mkwaruzo, kama mtu anayepepeta chenga za mchele kwenye sinia la bati. Kisha ndani ya mkwaruzo ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, iliyopigwa pasi, ikisoma majina ya watu waliofariki: fulani wa Kibondo, fulani wa Singida, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo wanaarifiwa. Nilisimama juu ya tuta nikiwa nimeshika baiskeli. Mbele yangu mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa, nyuma yangu mabua hayohayo, na jua la kijiji cha Mamba limetua begani kama mzigo wa kuni. Sikuona nyumba wala mtu. Nikajiuliza kama nimeanza kuugua, au marehemu wenyewe wameamua kujitangaza.

Sauti ikakatika katikati ya jina.

Baadaye kidogo, nyuma ya miti wakatokea watu, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja akirudi kwake kwa njia yake. Wote walikuwa wamefumba mkono mmoja. Mzee mwenye kofia ya ukindu alinipita, akasimama, akaliangalia begi langu la vyuma.

"Wewe ndiye fundi wa Mpanda?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa. Imekufa katikati ya wafu."

Akafumbua kiganja. Ndani yake mlikuwa na betri moja kubwa ya tochi, imekwaruzwa alama ya msalaba ubavuni. Moja tu. Aliifumba tena taratibu, kama aliyebeba yai, akaenda zake. Huyo alikuwa Mzee Anatoli, na binti yake ndiye aliyekuja kunifundisha kazi ambayo nilidhani naijua.

Nyie vijana mnaosoma haya huku kidole kinasugua kioo cha simu, najua mnachosema. Babu anataka kutuambia kwamba zamani kulikuwa na shida. Hapana. Zamani kulikuwa na vichekesho. Shida mnazo nyie, maana kila mmoja ana redio yake mfukoni, televisheni yake, posta yake na benki yake, halafu bando likiisha mnakaa kama kuku walionyeshewa, na hakuna jirani hata mmoja anayejua kwamba mmenyamazishwa.

Nilikuwa fundi redio wa Mpanda kwa miaka mingi. Meza yangu ilikuwa kwenye baraza la duka la nguo karibu na stesheni, na treni ilipoingia meza ilitetemeka, skrubu zikakimbia zenyewe kwenda kuipokea. Mwalimu wangu alikuwa Bwana Rajabu. Alijifunza umeme kwenye karakana ya mgodi wa madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa akabaki na bisibisi tatu na maneno mengi. Alinifundisha kupima betri kwa balbu ya tochi na kipande cha waya. Alinifundisha kwamba ukichanganya betri mpya na betri iliyochoka, ile iliyochoka itaivuta mwenzake shimoni. Alinifundisha kuzianika betri juani, ambapo zinapata uhai wa siku mbili tatu, kama mgonjwa aliyetembelewa na mashemeji.

Wiki yangu ya kwanza alikuja mteja kutoka Litapunga na redio bubu. Niliifungua mpaka skrubu ya mwisho. Nilikaa nayo siku mbili, vipande vyake vimejaa meza nzima. Bwana Rajabu akaja, akairudisha kimyakimya, akafungua kimlango cha betri, akageuza betri moja iliyokuwa imetazama nyuma. Redio ikaimba. Hakunicheka. Alimwita muuza chai aje anicheke kwa niaba yake.

Lakini kauli yake niliyoidharau zaidi ni hii: "Deo, redio ikija mbovu, irudishe ilivyokuwa. Ukianza kuiboresha umeacha ufundi, umeingia kwenye siasa." Nilidhani ni uvivu wa uzee.

Sasa rudini na mimi Mamba.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshakusanywa vijijini, na bidhaa zimeanza kuadimika. Duka la kijiji lilipokea betri kama parokia inavyompokea askofu, mara chache na kwa vigelegele. Zikifika, zinagawiwa: kaya moja, betri moja. Ukiwa na watoto kumi, moja. Ukiwa mwenyekiti, moja mbele ya watu. Na betri moja peke yake haina kazi hata ya kuwasha tochi. Inaweza kukaa juu ya kabati ikatazamwa.

Redio ya Mzee Kalinde, ambayo ilikuwa kubwa kama kiti cha padri, ilikula sita.

Basi kaya sita zikapatana. Kila siku alasiri mwenye kaya anakuja na betri yake, yenye alama yake. Wanazipanga tumboni mwa redio, wanasikiliza, wakimaliza kila mtu anachomoa yake anarudi nayo nyumbani. Hakuna aliyeweza kusikiliza peke yake, hata Kalinde mwenye redio. Kusikiliza kwenyewe hakukuwa na ubishi, maana sauti haina mipaka, hata mbuzi walisikiliza bila kutoa kitu. Kitu kilichonunuliwa kwa betri kilikuwa haki ya kuchagua. Betri moja, kipindi kimoja.

Mzee Kalinde alichagua matangazo ya vifo, kwa sababu alipenda kujua nani amemtangulia. Wadogo zake wawili walichagua mmoja taarifa ya habari, mwingine muziki wa dansi. Shemeji yao alichagua kipindi cha wakulima, apate mtu wa kubishana naye. Wa tano alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Huyu alichagua salamu za wasikilizaji. Hajawahi kutuma salamu, wala hajawahi kutumiwa. Akiulizwa, anajibu tu, "Wanaweza kunikumbuka siku moja."

Wa sita alikuwa Mzee Anatoli, naye alichagua matangazo madogomadogo: aliyepotelewa na begi, anayetafuta dereva, chuo kinachoita wanafunzi.

"Kwani umepoteza nini wewe, Anatoli?" walimtania kila siku.

"Sijapoteza. Nasubiri."

Niliifungua redio ile nikakuta transista mbili za spika zimeungua. Vipuri vyake hata Tabora havikuwepo. Lakini kwenye begi nilikuwa na tumbo la redio nyingine ndogo ambayo boksi lake lililiwa na mchwa. Nikalihamishia humo, nikaunganisha spika, nikachoma hapa na pale. Ikaimba. Na ile redio ndogo ilikuwa ya betri nne. Nikachukua waya, nikaziba nafasi mbili zilizobaki, nikasimama mbele ya watu kama niliyeleta mvua.

"Wazee wangu, kuanzia leo haili sita tena. Inakula nne!"

Walipiga makofi. Mzee Kalinde alinipa jogoo. Mzee Masanja peke yake ndiye aliyebaki ameishika betri yake mkononi.

"Na hizi zetu mbili, fundi?"

"Zipumzisheni, mzee wangu!" nikamjibu nikicheka. Kichwani mwangu niliona jambo rahisi: betri sita, zinafanya kazi nne, mbili zinapumzika, kesho zinabadilishana, zinadumu zaidi, kila mtu anafaidi. Nikamfunga jogoo kwenye usukani, nikaondoka napiga mluzi. Jogoo alikuwa na akili kuliko mimi, alilalamika njia nzima.

Miezi miwili baadaye nilirudi na lori la mpunga. Tulilala Sitalike siku mbili, gurudumu limepasuka na dereva anasubiri lingine, nasi tunawasikiliza viboko wakikoroma mtoni kama wateja wasioridhika. Ijumaa mchana tukaingia Mamba. Vumbi halijatua, msichana mmoja mrefu, kanga kiunoni, alikuwa tayari amesimama chini ya bodi la lori.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Redio inaendeleaje?"

"Nzima kabisa. Umeitibu mpaka sisi tumepona kusikia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa Skolastika, binti wa Mzee Anatoli.

Alinisimulia tukitembea, akiwa amebeba begi langu kichwani bila kuombwa. Nilipoondoka tu, zile nne zilizobaki zilikuwa za Kalinde, wadogo zake na shemeji yao. Ndugu watupu. Kwa kuwa wanaaminiana, wakaacha kuzichomoa, wakaziacha humohumo nyumbani kwa Kalinde. Siku ya kwanza baba yake alikwenda na betri yake mkononi kama kawaida. Kalinde akamwambia kwa upole sana, "Anatoli, ndugu yangu, yako haina pa kukaa. Lakini karibu kiti." Akakaa. Wakasikiliza vifo, habari, wakulima, dansi. Dansi ilipoisha, kac, ikazimwa. Salamu hazikufunguliwa. Matangazo madogomadogo hayakufunguliwa. Wa kuyachagua hawakuwa na betri ndani.

"Lakini si wangebadilishana?" nikauliza. "Leo nne hizi, kesho..."

"Fundi, nyumbani kwenu mna ndugu?"

Niliwakumbuka ndugu zangu, nikapata jibu.

"Mimi nilifanya mtihani Mpanda," akaendelea, "wa kusomea uuguzi Tabora. Walituambia barua zitachelewa, kwa hiyo majina yatasomwa kwenye matangazo madogomadogo wiki hii. Jumatatu, Jumatano na leo. Aliyechaguliwa afike chuoni si zaidi ya Jumatano ijayo. Asiyefika, nafasi anapewa mwingine. Lori hili linarudi kesho alfajiri, na treni ni keshokutwa. Mwakani umri wangu utakuwa umepita."

"Hamkumwomba Mzee Kalinde?"

"Jumatatu aliomba baba. Akaambiwa betri zimechoka, zinatunzwa kwa ajili ya misa ya Jumapili. Jumatano niliomba mimi. Nikaambiwa niheshimu wakubwa, baba yangu ana mdomo. Padri yuko safarini na redio yake. Mwalimu anayo, haina betri. Sanduku langu nimelifunga wiki mbili sasa, fundi. Kila asubuhi nalifungua nachukua nguo ya kuvaa, jioni nairudisha."

Tulikuwa tumefika kwenye lile tuta nililosikia sauti siku ya kwanza. Nikasimama.

"Unataka nifanye nini?"

"Ilikuwa inakula sita," alisema Skolastika. "Irudishie njaa yake."

Nawaambia ukweli, wajukuu, mpaka leo sijapewa oda ya kazi iliyo wazi kuliko hiyo. Nimewatengenezea watu redio zipokee mbali, zipige kelele zaidi, zile kidogo. Hajawahi kutokea mwingine aliyeniomba niongeze ulaji.

Mzee Kalinde alitupokea kwa furaha ambayo kwenye kona zake ilikuwa imechanika kidogo. Mkewe, Mama Tekla, alikuwa sakafuni anamenya karanga.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Fundi wetu! Mbona hukututumia habari kama unakuja?"

"Ningetumia kwa redio gani, mzee? Nimekuja kuipima. Mashine niliyoweka ina kasoro." Hapo sikudanganya.

"Mbona inaongea vizuri tu?"

"Inaongea vizuri na watu wachache," akasema Skolastika, akatazama nje.

Mama Tekla alikohoa kwenye karanga zake. Nikaomba makaa nipashie chuma changu cha kulehemu, nikaifungua redio juu ya mkeka. Ilikuwa imepita saa kumi, na matangazo madogomadogo yalisomwa saa kumi na moja kasorobo.

Tatizo lilikuwa hili. Lile tumbo dogo ukililisha sita linaungua. Ukililisha nne, kijiji kinagawanyika. Betri mbili zilihitaji kazi, na kazi yenyewe iwe ambayo redio haiwezi kuishi bila hiyo. Nikaangalia begi langu. Bisibisi, waya, makopo ya skrubu, na balbu ndogo ya tochi ya kupimia betri, ile aliyonipa Bwana Rajabu.

Nikaung'oa ule waya niliozibia. Nikatoboa tundu karibu na mstari wa stesheni, nikachomeka balbu hapo, kisha nikaiunganisha ili umeme wote kutoka kwenye betri sita lazima upite kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye redio. Balbu ile sehemu ya betri mbili, redio ile ya nne. Ukipungukiwa na moja, hupati mwanga wala sauti. Fundi yeyote mwenye akili angesema huo ni ubadhirifu. Ni kweli.

Skolastika alikuwa anapepea makaa.

"Taratibu, binti, unanirushia majivu."

"Ulipoiharibu hukuchukua muda wote huu, fundi."

"Nilipoiharibu nilikuwa na haraka ya kusifiwa."

Wadogo zake Kalinde wakaja na shemeji yao, wakasimama mlangoni. Mzee Masanja akaitwa, akaleta betri yake imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Mzee Anatoli akaleta yake yenye msalaba. Nikazipanga, mbili hizo na nne zilizokuwa ndani, jasho linanidondokea tumboni mwa redio. Chuma kilipoa mara mbili, mara mbili nikakirudisha motoni. Hatimaye nikabana kile kimlango cha nyuma kwa kidole gumba. Kac. Nikawasha.

Balbu ikawaka. Halafu, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitegemea, ikaanza kucheza. Sauti ikipanda, inang'aa, sauti ikishuka, inafifia, kana kwamba yule mtangazaji amekaa mle ndani na kibatari anapumua mbele yake. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Na sauti, ikiwa na ukali kidogo kuliko zamani, ikasema:

"...hao wote wanatakiwa kufika chuoni kabla ya saa kumi jioni siku ya Jumatano, na vyeti vyao. Mwisho wa tangazo."

Majina yalikuwa yamekwisha kupita.

Balbu ikaendelea kucheza, furaha tupu, ikitangaza begi jeusi lililosahaulika stesheni ya Morogoro. Skolastika alikaa chini palepale penye majivu. Mzee Anatoli akavua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna maandishi. Mimi nilitamani lori linikanyage. Mara mbili nimeigusa redio ile, na mara zote mbili nimemnyima mtu huyuhuyu.

Ndipo sauti ya karanga ikakoma.

"Baba Tekla," alisema Mama Tekla, "utamwambia, au nimwambie mimi?"

"Kitu gani?"

"Cha Jumatatu."

Mzee Kalinde akakohoa. Akaangalia paa. Akaangalia betri yake. Hapakuwa na msaada popote.

"Jina lako lilisomwa," alisema kwa sauti ndogo. "Skolastika Anatoli, wilaya ya Mpanda. La tatu kusomwa. Jumatatu. Na Jumatano pia."

Redio ikaendelea na begi jeusi la Morogoro.

"Baba mkubwa," alisema Skolastika polepole, "ulisikiaje, na redio ilizimwa baada ya dansi?"

"Kaka," mdogo wake akadakia, "si ulituambia betri zimechoka?"

"Zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nazipima."

"Unazipimia kwenye matangazo madogomadogo?"

"Kila siku," alisema Mama Tekla. "Nyie mkitoka tu. Anaifunika kapu juu, anaingiza kichwa chini ya kapu. Mume wangu wa ndoa. Nilidhani anasali."

Mzee Kalinde alifuta uso kwa kiganja. Miaka yote alikuwa anamcheka Anatoli kwa kipindi chake, na betri zilipobaki ndani ya nyumba yake alikijaribu siku moja tu, aone kina nini. Hakuweza kuacha tena. "Kuna mtu wa Dodoma amepotelewa na punda," alisema, na nawaapia sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Punda mweupe, sikio moja limekatika. Nilitaka tu kujua kama amempata. Jumatatu nilikuwa namsubiri punda, likaja jina la mtoto wetu. Ningesema nini? Ningesema nimelisikia wapi?"

Wenye betri tatu walikuwa wanamtazama mwenye betri ya nne. Mzee Anatoli, ambaye kwa wiki nzima alinyimwa jina la mwanawe na mtu aliyelala nalo kichwani, alivaa kofia yake tena. Akapiga hatua moja kumwelekea Kalinde. Nikajiandaa kuingilia kati, nimeshika bisibisi kama mjinga.

"Kalinde," alisema.

"Naam, ndugu yangu."

"Alipatikana?"

"Nani?"

"Punda."

"Bado."

Nadhani Mzee Masanja ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka mbali, kama ng'ombe anayetoka matopeni, kikawashika wadogo zake Kalinde, kikamshika shemeji, kikamwangusha Mama Tekla juu ya karanga zake. Skolastika alicheka na machozi yanachora njia kwenye majivu usoni, kisha ghafla akamshika Kalinde mkono.

"Rudia, baba mkubwa. La ngapi?"

"La tatu."

"Ulisikia vizuri? Hata ulivyokuwa kwenye kapu?"

"Mara mbili, mwanangu. Kwenye kapu panasikika vizuri sana."

Niliporudi Mpanda nikamsimulia Bwana Rajabu, nilitegemea atatikisa kichwa kwa heshima. Aliweka kikombe cha chai chini. "Kwa hiyo kwanza ulihesabu betri hukuhesabu watu, halafu ukaenda kuiharibu redio nzima kwa makusudi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa balbu ipi?"

"Ile ndogo."

"Ile ni yangu," alisema, na mpaka anastaafu alikuwa ananidai balbu.

Mkitengeneza hivyo vitu vyenu vya kwenye simu, vya kurahisisha hiki na kupunguza kile, sisemi msitengeneze. Nami napenda simu, mjukuu wangu kaniwekea maandishi makubwa. Ila mkifika mahali mkakuta watu wanafanya jambo kwa njia ndefu, inayokula sana, yenye mikono mingi isiyo na lazima, ulizeni kwanza ile mikono imeshika nini. Mkisahau kuuliza, mtapewa jogoo, mtapiga mluzi, na hamtajua kitu mpaka msichana mmoja awabebee begi.

Tukirudi Mamba, usiku ule nililala kwa Mzee Kalinde, maana nilikuwa nabaki kusubiri lori lijalo. Alfajiri, jogoo hawajaanza, mlango ukagongwa. Walikuwa watatu: Skolastika na sanduku lake la bati, baba yake, na Mzee Masanja. Njia ya kwenda kwenye lori ilipita matuta yote yale gizani, na walikuwa na tochi. Tochi ilikula mbili. Sikuhitaji kuuliza ni zipi. Mzee Anatoli alikuwa anamsindikiza mwanawe hadi treni ya Mpanda, na tochi alikuwa anakwenda nayo.

"Kwa hiyo redio hatuna mpaka urudi," alisema Mzee Kalinde, amejifunika shuka.

"Mpaka nirudi," akajibu Mzee Anatoli.

Kalinde alifikiri kidogo. "Wafu wasubiri," alisema. "Hawana haraka."

Skolastika akapiga goti. "Baba mkubwa, mama mkubwa, naondoka."

"Nenda, mwanangu. Na Tabora ni njiani kwenda Dodoma. Ukikutana na mtu mwenye habari za yule..."

"Nitauliza," alisema Skolastika. Alinipa mkono, akasema fundi, usiiguse tena. Kisha akamgeukia Mzee Masanja, aliyekuwa ameshika tochi kwa mikono miwili. "Na wewe, mzee, baba akirudi na betri, usikose kipindi chako hata siku moja. Umenisikia? Hata siku moja."

Mzee Masanja aliwasha tochi akaielekeza nje, na mwanga ukaenda mbele yao juu ya mabua ya mpunga. Walitoka mmoja mmoja, sanduku la mwisho. Mzee Kalinde alisimama akiutazama ule mwanga ukipungua, halafu akausukuma mlango taratibu, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukasema kac.